Hesabu ya Waliouawa Mijini na Funzo Lake kwa Askari

Katika kupima usalama wa mji, wataalamu wa takwimu hupendelea kuhesabu mauaji kuliko wizi au ugomvi. Sababu yake ni wazi. Aliyeibiwa aweza kunyamaza kwa kukosa imani na kituo cha polisi, bali maiti ni vigumu kufichika. Hata hivyo hesabu hiyo nayo ina mitego yake, na yampasa askari aielewe kabla hajaitumia.

Mtego wa kwanza ni kutazama idadi tupu pasipo kujali wingi wa wakazi. Mwaka 2016, nchini Marekani, mji wa Chicago ulipatwa na mauaji zaidi ya 750, na New York 335. Lakini Chicago ulikuwa na wakazi kama milioni 2.7, na New York kama milioni 8.5. Basi katika kila wakazi 100,000 waliuawa kama 28 huko Chicago, na 4 tu New York. Tofauti iliyoonekana kuwa ya mara mbili, kumbe ni ya mara saba.

Mtego wa pili ni mipaka. Mwaka 2020 mji wa St. Louis ulihesabu mauaji 263, yaani kama 87 kwa kila wakazi 100,000. Kiwango hicho chatisha. Lakini mji huo ulitengana na wilaya inayouzunguka tangu mwaka 1876, na vitongoji vyake vingi vilivyo tulivu havimo katika hesabu. Mpaka ukichorwa upya, kiwango kitashuka pasipo kuokoka hata mtu mmoja.

Mtego wa tatu ni majivuno. New York ilizika zaidi ya watu 2,200 waliouawa mwaka 1990. Mwaka 2017 hawakufika 300. Tangu 1994, chini ya Kamishna William Bratton, makamanda waliitwa mara kwa mara mbele ya ramani za uhalifu ili waeleze hali ya maeneo yao. Kazi hiyo yastahili sifa. Walakini mauaji yalikuwa yamekwisha anza kupungua kabla ya mwaka huo, na San Diego, mji uliotegemea zaidi ushirikiano wa polisi na raia, nao uliona uhalifu ukishuka sana katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 2020 mauaji ya New York yalipanda tena hadi zaidi ya 450.

Mtego wa nne ndio mchungu kuliko yote. Mji wa Medellín, nchini Kolombia, mwaka 1991 ulipoteza zaidi ya watu 6,000 kwa kuuawa, kiwango cha karibu 380 kwa kila wakazi 100,000. Mwezi Oktoba 1992 ulipotimiza miaka kumi, yaani Oktoba 2002, majeshi na polisi, wakisaidiwa na helikopta, waliingia mtaa wa Comuna 13 kuwafukuza wapiganaji wa msituni. Wapiganaji wakaondoka, na katika miaka iliyofuata hesabu ya mauaji ya mji ikashuka sana. Lakini vikundi vya wanamgambo vilishika mtaa, na watu wakaanza kutoweka. Aliyetoweka hana maiti, na asiye na maiti hakuhesabiwa miongoni mwa waliouawa.

Akina mama wa mtaa ule walisema kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba watoto wao wamefukiwa chini ya kifusi cha machimbo ya La Escombrera. Wengi hawakuwasadiki. Mwezi Desemba 2024 wachimbaji waliotumwa na serikali na mahakama maalumu waliifikia mifupa ya kwanza.

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Askari aandikaye kitabu cha matukio kituoni ndiye chanzo cha takwimu zote za mji wake. Mama ajapo kuripoti kwamba mwanawe hajarudi nyumbani, jina hilo na liandikwe siku ile ile.