Mama aliyetuachia daftari la mawese na undugu wa mpakani

MAMA yetu alifariki dunia Julai 2023, kijijini kwetu karibu na Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Hakuacha nyumba ya ghorofa wala akiba benki. Aliacha shamba dogo la michikichi, watoto watano na daftari moja lenye majina ya watu wa pande mbili za mpaka.

Wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu walimjua kama mama wa mawese. Kwetu alikuwa mzazi, na tulipokuwa watu wazima akawa rafiki tuliyemweleza hata mambo ya ndani ya ndoa zetu.

Aliingia Tanzania mwaka 1972 akiwa msichana, akikimbia mauaji. Sisi tulizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, tukasoma kwa Kiswahili. Yeye alijifunza kuandika ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, jioni baada ya kutoka kwenye tumbaku.

Mwaka 2009 alirudi nyumbani pamoja na watoto watatu. Wawili walibaki Tanzania na baadaye wakapata uraia.

Shambani tulikuta familia nyingine iliyolima hapo zaidi ya miaka 30. Wengi wa waliorejea walipeleka migogoro kama hiyo mbele ya Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006. Mama alikwenda kuketi na mama wa familia ile. Wakagawana shamba nusu kwa nusu, majirani wakiwa mashahidi.

"Huyu naye ana watoto," alitujibu tuliponung'unika.

Biashara aliianza na madumu mawili ya lita 20. Upande wa Manyovu alipata rafiki, mama wa Kiha. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo hawakuhitaji mkalimani. Huyu alipeleka mafuta, yule alilipa akishauza.

Deni aliliandika kwa madumu, si kwa faranga. Benki Kuu ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga Mei 2023, waliokopesha kwa fedha walipata hasara. Dumu la mama lilibaki kuwa dumu.

Baada ya mazishi, daftari hilo nusura litugombanishe. Mdogo wangu alitaka kupita kudai mara moja, kwani msiba ulikuwa umekula fedha nyingi. Dada alisema kudai kabla ya matanga ni kumwaibisha marehemu. Wazee wakaamua tusubiri siku ya kuondoa matanga, ambayo kwa Kirundi tunaiita kuganduka. Hapo anayedai na anayedaiwa angesema mbele ya watu.

Siku hiyo ilifika mwaka 2024. Mama wa shamba la pili ndiye aliyesimamia jiko. Ndugu zetu wa Ulyankulu walivuka, na pamoja nao rafiki wa Manyovu. Tulimwamkia, "Shikamoo mama mdogo," naye akasimama kusema.

"Dada yangu ananidai madumu sita. Nimekuja na fedha ya manne. Mawili nipeni hadi mwezi ujao, wanangu."

Daftari lilionyesha manne tu. Mawili aliyachukua mama akiwa kitandani, hawezi tena kushika kalamu. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

Kati ya wadaiwa 11, tisa walijitokeza. Wawili hawakuja, na wazee walisema tuwaache.

Kwa wenzangu tuliorejea, na kwa akina mama wanaovuka kila siku ya soko: andikeni madeni, na waonyesheni watoto daftari mngali na nguvu. Wapelekeni pia mpakani wakawajue watu wenu kwa sura.

Mwezi uliofuata fedha ya madumu mawili ililetwa. Sasa dada ndiye anayevusha mafuta. Anatumia daftari lilelile, na jina la kwanza kwenye ukurasa wake ni la mama mdogo.