Karatasi Kati ya Vyuma Viwili

Chukua vipande viwili vya chuma vilivyolainishwa kwa tupa na msasa, vikutanishe uso kwa uso, kisha vifunge kwa bolti. Macho hayataona upenyo wowote. Mvuke utauona. Kila uso wa chuma, hata ule unaong'aa, una vilima na mabonde madogo mno yaliyoachwa na chombo kilichoukata, na pale kilima kinapokutana na kilima, pembeni yake hubaki njia. Mvuke wenye shinikizo hufuata njia hiyo hadi nje, ukipiga mluzi mwembamba na kuacha tone la maji moto ukingoni.

Gasketi ni kipande chembamba cha kitu kilicho laini kuliko chuma, kinachowekwa kati ya nyuso mbili zisizosogea ili kuziba njia hizo. Neno "zisizosogea" lina uzito wake. Pale ufito wa pistoni unapopenya kifuniko cha silinda ukienda na kurudi, kinachozuia mvuke si gasketi bali pakingi, yaani uzi uliotiwa mafuta na grafiti, ukazungushwa kwenye ufito na kubanwa. Pakingi hustahimili msuguano. Gasketi kazi yake ni kubanwa tu, na hapa tunaishughulikia hiyo peke yake.

Injini tunayoizungumzia ni injini ya mvuke ya mfano: mashine ndogo ya kuweka mezani, ambayo hata hivyo huendeshwa na mvuke wa kweli kutoka boila la kweli. Kazi hii ina mizizi mirefu Uingereza, ambako Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer mwaka 1898, na ambako kampuni ya Stuart Turner ilijijengea jina kwa kuuza vipande vya chuma cha kusubu ambavyo mnunuzi huvikamilisha mwenyewe nyumbani. Injini yao iitwayo 10V, ambayo watu wanaijenga hadi leo, ina silinda ya kipenyo cha inchi 3/4, karibu milimita 19, na pistoni yake husafiri umbali huohuo. Tuitumie silinda ya ukubwa huo kama mfano wetu ubaoni.

Swali la kwanza ni hili: mvuke unasukuma kifuniko cha silinda kwa nguvu kiasi gani? Eneo la duara lenye kipenyo cha milimita 19 ni sentimita za mraba 2.8 hivi. Tuchukue shinikizo la pauni 80 kwa inchi ya mraba, ambalo ni la kawaida kwa treni za mfano zenye uwezo wa kuvuta watu, na ni kubwa kuliko linalohitajiwa na injini nyingi za mezani. Zidisha, utapata msukumo wa takriban kilo 16. Tukichukulia kwamba kifuniko kinashikwa na bolti 6, kila moja inabeba chini ya kilo 3.

Jibu hilo linashangaza kidogo, kwa sababu bolti ya chuma yenye unene wa milimita 2.5 inaweza kubana kwa nguvu ya makumi ya kilo bila kuharibika. Nguvu basi ipo, tena ya kubaki. Kwa nini viungo vya injini hizi huvuja? Kwa sababu nguvu hiyo haigawanyiki sawa. Karibu na bolti gasketi yetu ya karatasi hubanwa sana. Katikati ya bolti mbili kifuniko hupinda kidogo na kuiacha ilegee. Ukikaza zaidi, unaongeza mpindo. Fundi anayepambana na uvujaji kwa spana peke yake hukazana na bolti hadi uzi wake unakatika, na mvuke bado unatoka palepale.

Hapo ndipo tunaona kwamba kazi ya gasketi huanza kabla karatasi haijaguswa. Huanza kwenye uso wa chuma. Weka karatasi ya msasa laini juu ya kioo kinene cha dirisha, kisha sugua kifuniko juu yake kwa mwendo wa namba nane, ukikigeuza kila baada ya mizunguko michache ili mkono wako usielemee upande mmoja. Baada ya muda mfupi kitazame kwenye mwanga. Palipong'aa ni vilima. Palipobaki na weusi ni mabonde. Endelea mpaka mng'ao uwe umeenea pande zote. Kioo kimenyooka kuliko uso wowote ambao mkono na tupa vingeweza kuutoa, na hakigharimu kitu kwa mwenye kipande kilichobaki dirishani. Kisha osha kifuniko vizuri, kwa sababu punje moja ya msasa ikibaki ndani ya silinda itaikwaruza.

Unene wa karatasi ndio jambo ambalo watu wengi hulikosea, na wanalikosea kwa mantiki inayoonekana kuwa sahihi: kama nyembamba inavuja, weka nene. Tufuatilie kinachotokea. Mvuke ulio ndani ya silinda unausukuma ukingo wa ndani wa gasketi kuelekea nje. Ukubwa wa ukingo huo ni mzingo wa tundu mara unene wa karatasi. Ongeza unene mara mbili, na msukumo wa kuing'oa gasketi unaongezeka mara mbili, ilhali msuguano unaoishikilia kati ya vyuma umebaki ulivyokuwa. Isitoshe, karatasi nene hunywea zaidi ikipata joto, na kadiri inavyonywea ndivyo bolti zinavyolegea.

Unene una gharama nyingine ambayo haisikiki kwa sikio. Gasketi inakiinua kifuniko kutoka mahali pake. Ukiweka ya milimita 0.4 kwenye injini ambayo pistoni yake husafiri milimita 19, umeongeza upande huo nafasi tupu inayokaribia asilimia 2 ya mwendo mzima. Nafasi hiyo hujazwa mvuke kwenye kila mzunguko, na mvuke huo hausukumi pistoni. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa kama milimita 0.1. Kwa chuma kilichonyooshwa kwenye kioo, unene wa kati ya huo na milimita 0.25 unatosha.

Karatasi kavu, hata hivyo, ni nyuzi zilizolazwa ovyo, na kati yake kuna vinjia vya hewa. Silinda ikiwa baridi, mvuke wa kwanza unaoingia hugeuka maji, maji hayo yananyonywa na karatasi, na karatasi iliyolowa haina nguvu. Ndiyo maana hulowekwa mafuta kabla ya kufungwa. Mafuta mazito ya silinda za mvuke huziba vinjia na huacha vyuma viachane kwa urahisi siku ya kufungua. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hufanya zaidi ya hapo: yanapokutana na hewa hukauka na kuwa utando mgumu, hivyo kiungo kinakuwa imara, lakini siku ya kufungua karatasi itang'ang'ania na itabidi ikwanguliwe. Kupaka unga wa grafiti upande mmoja hupunguza tabu hiyo.

Hapa lazima niweke onyo, nalo si la kupitwa haraka. Gasketi na pakingi za injini za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Vumbi lake likivutwa kwa pumzi husababisha saratani miaka mingi baadaye. Anayefungua injini kuukuu na kukuta kitu cha kijivu chenye nyuzinyuzi asikikwangue kikiwa kikavu, asikipige msasa, wala asikipulize. Hakuna injini ya mezani yenye thamani ya mapafu ya mtu.

Sasa tufikie ukataji wenyewe. Umbo la gasketi latoka wapi? Mtu anaweza kulichora kutokana na ramani ya injini, kwa rula na bikari. Lakini vipande vya kusubu havifanani sawasawa na ramani, na matundu yaliyotobolewa kwa mkono huwa yamehama kidogo, hili kushoto, lile kulia. Gasketi iliyofuata ramani itakuwa sahihi kwenye ramani na itakosea kwenye chuma. Njia ya zamani hukifanya chuma chenyewe kuwa kielelezo.

Mafundi wa magari wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi wanaijua njia hii vizuri sana. Karatasi hulazwa juu ya chuma, kisha hugongwagongwa kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo kufuata kingo za matundu, na ukingo wa chuma wenyewe ndio unaoikata karatasi. Kwenye injini ya lori hilo ni sawa. Kwenye silinda ndogo ya shaba au chuma cha kusubu, nyundo hiyohiyo hubonyeza ukingo na kuuharibu uso uliokwisha kunyooshwa. Kwa kazi ndogo, paka uso wa chuma mafuta membamba yaliyochanganywa na masizi, weka karatasi juu, na bonyeza kwa kidole. Umbo lote hujichapa, pamoja na kasoro zake, na kasoro ndizo tunazozitaka.

Matundu ya bolti hutobolewa kwa panchi, yaani kijiti cha chuma chenye ncha iliyo wazi katikati na makali kuizunguka. Fundi viatu anayo ya kutobolea mikanda. Ya matundu madogo hutengenezwa kwa kijiti cha chuma cha kutengenezea zana: toboa katikati ya ncha kwa keekee, chonga nje mpaka ibaki duara la makali, kisha toboa tundu ubavuni ili vipande vya karatasi vipate pa kutokea. Pasha moto hadi chuma kiwe chekundu kilichokolea, tumbukiza kwenye maji, safisha, kisha pasha tena polepole mpaka kipate rangi ya majani makavu. Bila hatua hiyo ya mwisho makali yatavunjika kama kioo. Gonga mara moja tu, karatasi ikiwa juu ya kichwa cha gogo la mninga pale lilipokatwa kwa msumeno, ambapo nyuzi za mti husimama wima na kupokea makali bila kuyafifisha. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko bolti, milimita 3 kwa bolti ya 2.5, kwa sababu tundu linalobana hukunja karatasi na kujenga kivimbe palepale panapobanwa sana.

Matundu huja kwanza, umbo la nje baadaye, kwa kuwa ukanda mwembamba uliobaki kati ya tundu na ukingo huchanika ukitobolewa wakati hauna karatasi ya kuushikilia. Kuhusu duara la ndani mafundi hawakubaliani, na wote wana sababu. Anayetumia kisu hulikata kabla ya ukingo wa nje, karatasi ikiwa bado pana na imara. Anayetumia bikari yenye mguu ulionolewa hulikata mwisho, kwani akilitoa mapema ameitupa sehemu ambayo ncha ya bikari inasimama. Duara hilo liwe pana kuliko silinda kwa nusu milimita hivi, pistoni isije ikakutana na karatasi. Matundu ya mstatili ya mvuke yatobolewe kwanza kwenye pembe zake nne, ndipo kisu kipite kutoka tundu hadi tundu. Pembe kali ndiyo mwanzo wa mchaniko. Na mahali ambapo njia ya mvuke huingia kwenye mdomo wa silinda, karatasi ikatwe kuifuata. Ikisahauliwa, injini iliyofungwa vizuri kabisa haitazunguka.

Funga bolti kwa kuvukana, moja na ya mkabala wake, robo zungusho kwa zamu. Washa, iache injini ipate moto, zima, subiri shinikizo liishe na chuma kipoe, kisha kaza tena kidogo.

Baada ya kufuata haya yote, hukumu yetu ni kwamba kwa injini ndogo za mvuke wa kawaida, karatasi nyembamba iliyolowekwa mafuta na kukatwa kwa kufuata chuma chake chenyewe ni bora kuliko gasketi iliyonunuliwa tayari, maana ya kununua iliandaliwa kwa silinda isiyo na makosa, na hiyo haipo mezani kwako. Ubora huo una mpaka. Kwenye pauni 80 mvuke una joto la kama nyuzi 162 za Selsiasi, ambalo karatasi yenye mafuta hulivumilia ingawa hubadilika rangi. Mvuke uliopashwa tena baada ya kutoka boilani unaweza kuzidi nyuzi 250, na hapo karatasi huungua. Panahitajika karatasi ya grafiti, au vyuma viwili vilivyosuguliwa mpaka vikae pamoja bila kitu kati yake.

Siku ya kufungua, usiitupe gasketi ya zamani kabla ya kuitazama kwenye mwanga. Iliyofanya kazi ina alama ya chuma iliyo sawa kuzunguka pande zote. Iliyovuja ina mstari wa kahawia unaovuka kutoka ndani hadi nje, na ukiurudisha mstari huo juu ya kifuniko, utakuonyesha mahali ambapo kioo na msasa havijamaliza kazi.