Kusafisha Baisikeli ya Zamani Bila Kufuta Chapa Zake



Katika nyumba nyingi za huku kwetu Uganda imo baisikeli ya babu, imeegemezwa ukutani, ina vumbi na kutu. Mjomba wangu alimpa fundi mmoja ya kwake aisafishe. Ilirudi inang'aa, lakini maandishi ya dhahabu yote yametoweka, na leo hakuna awezaye kusema iliundwa wapi. Kwa hiyo napenda kueleza njia ninayoitumia mimi kwa baisikeli za jamaa zangu.

Kwanza yafaa kujua chapa ni kitu gani. Rangi nyeusi ya fremu ilichomwa katika tanuri kiwandani, nayo ni ngumu. Chapa ni kitu kingine kabisa. Ilichapwa juu ya karatasi, ikabandikwa juu ya rangi, kisha karatasi ikaondolewa. Kilichobaki ni utando mwembamba sana, na mara nyingi ulipakwa vanishi juu yake. Basi dawa isiyoidhuru rangi yaweza kuiyeyusha chapa mara moja. Petroli, thina na spiriti zikae mbali na fremu. Msasa na waya wa kusugulia masufuria ni vivyo hivyo.

Sasa tuanze kazi. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kavu, maana mchanga ukisuguliwa kwa kitambaa hugeuka msasa. Kisha chukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na kipande cha fulana kuukuu. Usianze katikati ya chapa. Jaribu kwanza pembeni kabisa, mahali pasipoonekana. Pangusa polepole bila kukandamiza, halafu tazama kitambaa. Kikiwa cheusi au chekundu kama udongo, huo ni uchafu, endelea. Kikiwa cha manjano au kinametameta kama dhahabu, acha papo hapo, kwani unachoondoa sasa ni chapa yenyewe. Kumbuka kuwa vanishi ikizeeka hugeuka rangi ya chai. Huo si uchafu, ni umri, wala hautoki kwa sabuni.

Suuza kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Palipobanduka pasiguswe, pita kandokando. Mwisho paka nta laini isiyo na chembe za kusugulia, lakini usiipake juu ya chapa inayobanduka. Usiianike baisikeli juani, kwa maana jua hufifisha rangi.

Usukani na rimu zina namna yake. Kunja karatasi ya aluminiamu, ilowe maji, usugue kutu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi. Cheni ivuliwe, itiwe katika kopo la mafuta ya taa, mbali na fremu.

Huenda mwenzangu akauliza, taabu yote hii ya nini? Baisikeli nyingi za wazee wetu ni Raleigh, zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza. Kazi ya kuunda baisikeli katika kiwanda kile ilikwisha mwaka 2002. Chapa mpya zaweza kununuliwa, lakini hizo ni nakala. Ile ya kwanza ikifutika hairudi, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa aina ya baisikeli na mahali ilipotoka. Babu yangu alipeleka magunia ya pamba ginneri kwa baisikeli ya namna hii, na fedha ile ndiyo iliyomlipia baba yangu karo. Nisingependa wajukuu waamini habari hiyo kwa maneno matupu, hali herufi zenyewe zingaliko kwenye fremu.

Basi wewe uliye likizoni, na wewe uliyemaliza shule zamani, kabla ya kushika kitambaa, soma kwanza kilichoandikwa kwenye fremu, ukinakili daftarini. Haraka haraka haina baraka.