Mandhari na Ung'amuzi wa Ghafla katika Hadithi Fupi

Mandhari, yaani mahali na wakati wa matukio pamoja na hali inayoyazunguka, huchukuliwa na wasomaji wengi kuwa pambo la kupitiwa haraka. Lakini katika hadithi fupi, ambayo haina nafasi ya kumkuza mhusika hatua kwa hatua kama riwaya ifanyavyo, mandhari ndiyo huandaa kile ambacho James Joyce wa Ireland alikiita epifania. Joyce alilitwaa jina hilo kutoka sikukuu ya Kikristo ya Tokeo la Bwana, akalitumia kwa ung'amuzi wa ghafla, ambapo jambo dogo la kawaida humfunulia mtu ukweli mzito.

Mfano bora ni «Araby», mojawapo ya hadithi 15 za Dubliners, kitabu kilichotoka mwaka 1914. Mvulana wa Dublin aliyempenda dada wa rafiki yake anamwahidi kumletea zawadi kutoka gulio lenye jina la kigeni linalomjaza ndoto. Mtaa anaoishi hauna njia ya kutokea upande wa pili, na katika nyumba yao alifia kasisi aliyeacha vitabu vilivyogeuka manjano; hivyo, kabla mvulana hajatamka tamaa yake, msomaji amekwisha kuonyeshwa maisha yaliyozibwa. Mjomba anachelewa kurudi na fedha, na mvulana anapofika saa nne kasoro dakika kumi usiku karibu vibanda vyote vimefungwa, fedha zinahesabiwa, na muuzaji anapiga soga na wanaume wawili, akimuuliza mteja wake kwa kutimiza wajibu tu.

Hakuna anayemkemea wala kumfundisha. Taa za sehemu ya juu ya ukumbi zinazimwa, naye anajiona alivyodanganywa na majivuno yake mwenyewe. Ung'amuzi huo unasadikika kwa sababu giza la ukumbi ni lile lile la mtaa wake, ila sasa analitambua. Ungetokea mahali pasipoandaliwa, ungekuwa hotuba ya mwandishi iliyowekwa kinywani mwa mtoto.

Joyce haelezi mvulana alirudije nyumbani wala alimwambia nini msichana, na uamuzi huo ni sahihi kabisa, kwa kuwa kilichobadilika ni jinsi mvulana anavyojiona, na badiliko hilo limekamilika pale pale ukumbini.