Uasi na Ukaliaji katika Michezo ya Kompyuta ya Kihistoria: Funzo kutoka Bukavu

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayopendwa na vijana wa vyuo vikuu, imo ile inayomkabidhi mchezaji dola zima: akusanye kodi, apeleke majeshi, ateke nchi za jirani na kuzitawala. Makala haya yanachunguza namna michezo hiyo inavyosawiri uasi na ukaliaji wa mabavu, na kueleza jinsi usawiri huo unavyoweza kurekebishwa.

Katika Europa Universalis IV, mchezo uliotolewa mwaka 2013, kila jimbo lina kipimo cha machafuko. Jimbo likitekwa, kipimo hupanda kwa sababu ya hamu ya kujitenga, kisha hamu hiyo hupungua mwaka hadi mwaka kwa muda wa miaka 30. Machafuko yakizidi, jeshi la waasi huzuka na kupigana uwanjani. Hearts of Iron IV ulipiga hatua mwaka 2020 ulipotenganisha vipimo viwili, yaani upinzani na utiifu. Hata hivyo, pengo moja limebaki: asiyeshika silaha wala kuhujumu huhesabiwa kuwa ametulia.

Kiswahili hakikubaliani na hesabu hiyo. Kutii, kuridhia na kunyamaza ni mambo matatu tofauti. Anayetii hutenda alivyoamriwa. Anayeridhia huafiki moyoni. Anayenyamaza hajasema lolote bado. Ndiyo maana wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Historia ya Bukavu yathibitisha jambo hilo. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji mwezi Agosti, wakaushikilia hadi mapema Novemba walipovuka kuingia Rwanda. Hayo yalikuwa mapambano ya jeshi kwa jeshi, na mchezo wa kawaida waweza kuyasawiri. Ukaliaji ulioanza Agosti 1998, RCD iliyoungwa mkono na Rwanda ilipoushika mji, ulikuwa wa namna nyingine. Mapema mwaka 2000 wakazi walifunga maduka, masoko na shule, katika mgomo ambao watu wa Bukavu huuita «ville morte». Februari ya mwaka huo Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa amekemea unyonyaji katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999, alizuiwa kurudi jimboni mwake, akapelekwa Butembo. Alirejea Septemba, na mwezi uliofuata akafariki Roma.

Kwa vipimo vya michezo iliyotajwa, mgomo wa namna hiyo haumo: hakuna jeshi lililozuka wala daraja lililovunjwa. Lakini soko likifungwa, kodi haikusanywi; na mtawala anayehitaji askari ili duka lifunguliwe amekwisha kuonyesha udhaifu wake.

Kutokana na hayo, marekebisho matatu yanafaa. Kwanza, kiwepo kipimo cha tatu, cha kimya, kinachoweza kugeuka mgomo au uasi kwa tukio dogo. Pili, mchezaji asionyeshwe tarakimu halisi, bali taarifa za watumishi wake tu, ambao mara nyingi humwambia anachopenda kusikia. Vita vya Maji Maji ni mfano: ujumbe wa Kinjikitile Ngwale ulienea miongoni mwa makabila mbalimbali kabla ya Wajerumani kung'amua uzito wake mwaka 1905. Tatu, kuzima uasi kuwe na gharama ya kudumu. Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na nchi waliyoitiisha ikabaki tupu.

Suala hili si la burudani tu. Bukavu iliingiwa tena na kundi la M23 mwezi Februari 2025. Kijana wa mji huo anayecheza na kushinda kwa kuamini kwamba kimya ni amani hufunzwa kuwatazama wazazi wake kwa macho ya aliyewateka.