Papa nje, dagaa ndani: Jela inamrudishia mfanyabiashara mtaji wake?

Mtu amekula fedha zako. Ulimpa mzigo kwa mali kauli, mkakubaliana atalipa baada ya magulio mawili, na sasa simu haipokei. Wenzako sokoni watakupa ushauri mmoja: "Mfunge huyo!" Mwenye uchungu wa mtaji hawezi kulaumiwa kwa kulisema neno hilo. Lakini mfanyabiashara ni mtu wa hesabu, na hili nalo linahitaji kupigiwa hesabu. Ukimfunga, unapata nini?

Tuanze na sheria ya madeni. Kenya na Tanzania zilirithi kutoka kwa Mwingereza utaratibu wa mfungwa wa madai. Mahakama ikishaamua kwamba fulani anadaiwa na asilipe, mdai anaweza kuomba atiwe ndani. Wengi wanaokimbilia njia hiyo hawajui masharti yake. Chakula cha mfungwa huyo hulipiwa na mdai mwenyewe, na akiacha kulipia, mdaiwa anafunguliwa. Kifungo chenyewe hakizidi miezi sita. Na akishatoka, deni liko palepale, kwa sababu kukaa kwake ndani hakupunguzi hata shilingi moja.

Kwa hiyo umepoteza mzigo, umemlisha aliyekudhulumu kwa miezi sita, na kibanda chake ambacho kingeweza kuzalisha fedha ya kukulipa kimefungwa. Hii ndiyo sababu Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika kifungu cha 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Nchi zetu zimeuridhia mkataba huo. Tazama neno "ameshindwa". Halimkingi mwenye uwezo anayekataa kulipa, wala tapeli aliyepanga tangu mwanzo kutolipa. Linamkinga aliyeanguka.

Tofauti hiyo kati ya aliyeanguka na aliyepanga ndiyo kiini cha makala haya. Nionavyo mimi, jela ina kazi yake, ila mara nyingi tunaipeleka kwa mtu asiyehusika.

Mwaka mabenki yalipoanguka

Turudi mwaka 2008. Septemba 15 mwaka huo benki ya Lehman Brothers ya New York ilitangaza kufilisika, na mtikisiko ukaenea dunia nzima. Chanzo kilikuwa mikopo ya nyumba iliyotolewa kwa watu wasioweza kuilipa, kisha ikafungwa mafungu mafungu na kuuzwa kwa wengine kana kwamba ni mali safi. Wafanyabiashara wetu wanaijua mbinu hiyo. Ni gunia lenye maharage mazuri juu na yaliyooza chini, tofauti ikiwa kwamba hapa gunia lilizunguka dunia nzima kabla ya mtu kulimwaga.

Msukosuko ule ulifika hadi kwetu. Bei za mazao kama pamba na kahawa ziliporomoka, na mwaka 2009 Tanzania ililazimika kutangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, zikiwamo fedha za kufidia hasara za wanunuzi wa mazao hayo. Mkulima ambaye hajawahi kuisikia Lehman Brothers aliuza kilo yake kwa hasara.

Ni nani aliyefungwa? Marekani, Bunge liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Katika wakubwa wa mabenki makubwa, aliyekwenda jela kwa jambo lililohusiana moja kwa moja na msukosuko huo ni mmoja, Kareem Serageldin wa Credit Suisse. Mwaka 2013 alihukumiwa miezi 30 kwa kuficha hasara kwenye vitabu. Na si kwamba nchi hiyo haikujua namna ya kuwafunga watu wa mabenki. Miaka ya 1980, vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vilipoporomoka huko huko Marekani, waliotiwa hatiani walipindukia 1,000.

Iceland ilichagua njia nyingine. Ni nchi ndogo ambayo wakati huo ilikuwa na watu kama 320,000 hivi. Oktoba 2008 mabenki yake makubwa matatu, Kaupthing, Landsbanki na Glitnir, yalianguka ndani ya wiki moja. Serikali iliunda ofisi ya mwendesha mashitaka maalumu na kumkabidhi Ólafur Hauksson, aliyekuwa ofisa wa sheria katika mji mdogo wa Akranes. Mkurugenzi mkuu wa Kaupthing, Hreiðar Már Sigurðsson, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na nusu, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaithibisha hukumu hiyo. Zaidi ya watu 20 wa sekta ya fedha walitiwa hatiani.

Vifungo vile havikuwa virefu sana, na gereza lenyewe lilikuwa la wazi, lisilo na ukuta. Lakini ujumbe ulifika. Aliyevaa suti akaona kwamba na yeye anaweza kuingia.

Dar es Salaam, mwaka huohuo

Mwaka huo wa 2008 Tanzania ilikuwa na kashfa yake. Ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu ulionyesha kuwa shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22. Januari Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Baadaye akawapa waliochota fedha hizo muda wa kuzirudisha hadi Oktoba 31. Kufikia Agosti, zaidi ya shilingi bilioni 50 zilikuwa zimerudi. Wengine walifikishwa mahakamani, na baadhi yao wakafungwa.

Mitaani watu waliuliza kama mwizi wa kuku naye hupewa miezi kadhaa ya kumrudisha kuku. Swali lile lilikuwa la haki. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na msumeno ukikata upande mmoja tu watu wanaacha kuuheshimu.

Hata hivyo, tuuangalie upande wa pili pia. Bilioni 50 zilizorudi ni fedha halisi. Kama wahusika wote wangekamatwa siku ya kwanza na kesi zikavutana miaka kumi, sidhani kama kiasi hicho kingerudi haraka hivyo. Kilichowasukuma walipe ni mlango wa jela uliokuwa wazi mbele yao. Mtu wa aina hiyo ana mali, ana jina, na anajua kupima faida na hasara. Akiona kifungo kiko karibu, anauza nyumba na kulipa. Kosa, kwa maoni yangu, ni kumfanya aliyerudisha atoke bila doa lolote. Arudishe, alipe faini juu yake, na asishike tena ofisi ya umma.

Miaka 150

Wapo wasemao dawa ni vifungo virefu zaidi. Mfano mkubwa wa hilo ni Bernard Madoff wa New York. Aliendesha upatu wa kitajiri kwa miongo kadhaa, akiwalipa wa zamani kwa fedha za wapya. Msukosuko wa 2008 ulipowafanya wateja wadai fedha zao kwa pamoja, kapu likakutwa tupu. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 71, alihukumiwa miaka 150. Alifia gerezani mwaka 2021.

Miaka 150 haikumtisha, kwa kuwa muda wote aliamini hatakamatwa. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilionywa juu yake mara kadhaa miaka mingi kabla, na haikuchukua hatua. Angefungwa miaka mitano mapema, maelfu ya watu wangepona. Kinachomtisha mhalifu mwenye hesabu ni uhakika wa kukamatwa, na hapo ndipo Madoff alipokuwa salama kwa muda mrefu.

Waathirika walirudishiwa sehemu kubwa ya fedha walizoweka, zaidi ya dola bilioni 14. Zilirudishwa na msimamizi wa ufilisi aliyefuatilia kila akaunti na kuwadai hata wale waliokwisha kuvuna faida isiyo yao. Jela ilimhifadhi Madoff tu.

Sisi tulikuwa na mapatu yetu. Kenya, kikosi kazi cha serikali kilikadiria kuwa watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za nchi hiyo katika mifumo ya piramidi iliyoporomoka karibu na mwaka 2007. Tanzania tunaikumbuka DECI na lugha yake ya "kupanda mbegu", hadi serikali ilipoizuia mwaka 2009. Kesi za namna hii zinapoisha kwa faini, faini inaingia Hazina. Mama ntilie aliyepanda mbegu harudishiwi kitu na faini hiyo. Kwa hiyo unaposikia kesi ya upatu imefunguliwa, usiulize tu watafungwa miaka mingapi. Uliza akaunti zimezuiwa lini, na nani amepewa kazi ya kuzikusanya fedha.

Anayepiga hesabu na aliyebanwa

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 200, inamruhusu hakimu kumfunga hadi miaka mitano mtu aliyepitisha bidhaa za magendo, au kumtoza faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Kifungu hicho hicho kinaweza kumwangukia mwenye malori kumi ya sukari na mama mwenye magunia matatu yaliyopita njia ya panya.

Mwenye malori kumi amepiga hesabu. Anajua ushuru ni kiasi gani, rushwa ni kiasi gani, na faida ni kiasi gani. Huyo atiwe ndani, na malori yataifishwe. Mama wa magunia matatu mara nyingi amepita njia ya panya kwa kuogopa dirisha la forodha. Hajaambiwa kuwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Kumfunga huyu ni kuwaacha watoto bila mlezi na kikundi cha akiba bila marejesho yake. Elimu ya saa moja ingefanya kazi ambayo kifungo hakitaifanya.

Tena sheria haitulazimishi kujaza magereza. Kifungu cha 219 cha sheria hiyo ya forodha kinamruhusu Kamishna kumaliza shauri bila mahakama, mhusika akikiri kwa maandishi na kulipa. Kenya ina sheria ya adhabu za kutumikia jamii tangu 1998, Uganda tangu 2000 na Tanzania tangu 2002. Wakati huohuo, gereza la Makala la Kinshasa, lililojengwa kwa watu 1,500, limekuwa likibeba zaidi ya 10,000, wengi wao wakiwa mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Mtu wa kosa dogo akikaa humo, atatoka amejifunza makosa makubwa, au hatatoka mzima.

Deni linavuka mpaka

Kwa msomaji wa ukurasa huu kuna jambo moja zaidi. Mdaiwa wako akivuka Namanga, Mutukula au Malaba, polisi wa kwako hawezi kumfuata kienyeji. Lakini hukumu ya fedha inaweza kumfuata. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya kutambua hukumu za mahakama za juu za Tanzania, Uganda na Rwanda, zikasajiliwa Nairobi na kutekelezwa kama za kwao. Tatizo ni kwamba njia hiyo imejengwa kwa ajili ya makampuni yenye mawakili. Deni la mzigo wa viazi haliwezi kubeba gharama zake.

Ndani ya nchi mambo yameanza kuwa mepesi. Mahakama ya madai madogo ya Kenya inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Uganda ina utaratibu wake kwa madai hadi shilingi milioni 10 za nchi hiyo. Tunachokosa ni daraja kati yao, yaani uamuzi wa madai madogo wa Busia upande mmoja uweze kutekelezwa Busia upande wa pili bila kupanda basi hadi mji mkuu. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinapoitwa kwenye vikao vya Jumuiya, hili nalo liwe kwenye ajenda, kando ya ushuru na vizuizi vya barabarani.

Mpaka siku hiyo, mali kauli iandikwe. Karatasi moja inatosha, yenye majina, idadi ya magunia, bei, tarehe ya kulipa, sahihi mbili na shahidi. Siku mambo yakiharibika, karatasi hiyo itamwonyesha hakimu kama mtu wako ameanguka au alipanga. Aliyeanguka mpangie alipe kidogo kidogo, kila gulio fungu lake. Aliyepanga mshitaki, na siku hiyo hiyo iombe mahakama izuie mali yake kabla hajaihamisha kwa shemeji.