Je, Wajua Kwa Nini Antena ya Dharura Hukaa Karibu na Mkia wa Ndege?

Tarehe 9 Agosti 2010, ndege ndogo aina ya Otter iligonga mlima karibu na Dillingham, Alaska, ikiwa na watu tisa. Watano walifariki, akiwemo aliyekuwa seneta wa Marekani, Ted Stevens. Redio ya dharura ilijiwasha kwa kishindo kile, kama ilivyoundwa. Lakini ilikuwa imechomoka mahali pake na kutengana na antena, kwa hiyo setilaiti hazikupata kitu. Majeruhi wanne walisubiri kwa saa kadhaa hadi marubani waliojitolea kuwatafuta walipoyaona mabaki.

Redio hizi huita setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat kwa masafa ya megahezi 406, nusu sekunde tu kila baada ya sekunde 50 hivi. Masafa ya zamani ya 121.5 setilaiti ziliacha kuyasikiliza Februari 2009, ingawa bado huwaongoza waokoaji wakishakaribia. Yote hayo hupitia kijiti kimoja chembamba.

Mafundi hukisimamisha wima mgongoni mwa ndege, kuelekea nyuma, kwani pua ndiyo hupondeka kwanza na mara nyingi mkia husalimika. Redio nayo hukaa jirani, waya ukiwa mfupi na umeachwa ulegee kidogo. Waya mrefu unaopita katikati ya ndege hukatika bodi inapovunjika.

Chini ya kijiti lazima pawe na bati. Wimbi la 121.5 lina urefu wa karibu mita mbili na nusu, na bati hutakiwa kuenea robo yake, yaani sentimita 62 hivi, kila upande. Ndege ya alumini inalo tayari. Ya turubai au faibaglasi haina, hivyo fundi huitandikia vipande vya alumini kwa ndani. Wapo wanaojiundia ndege wakaificha antena ndani ya bodi ili isizuie upepo. Bodi ikiwa ya alumini, huko ni kuizika redio ikiwa hai, na sioni kasi yoyote inayostahili bei hiyo.

Redio ya Alaska ilishikiliwa na mkanda wa kunata, kama ule wa viatu vya watoto. Mwaka 2012 mamlaka ya anga ya Marekani iliikataa mikanda hiyo kwa miundo mipya ya redio.